Vipozaji asilia

Vipozaji asilia ni dutu zilizopo katika maumbile ambazo hutumika kuhamisha joto ndani ya friji, viyoyozi, mashine za barafu na pampu za joto. Mafundi wa friji huziita kwa kifupi "gesi". Zinazotumika zaidi ni amonia (R717), dioksidi ya kaboni (R744), propani (R290) na isobutani (R600a).

Utendaji

Kipozaji huzunguka katika mabomba yaliyofungwa. Kinapogeuka kutoka kiowevu kuwa mvuke hufyonza joto. Kompresa hukibana, kisha hutoa joto hilo upande wa pili na kurudi kuwa kiowevu. Pampu ya joto ni mashine ya namna hiyohiyo, ila kinachotakiwa ni joto linalotoka, kwa mfano la kuchemshia maji. Kwa kila uniti 1 ya umeme inaweza kutoa uniti 3 au zaidi za joto.

Athari kwa hali ya hewa

Kipozaji kikivuja huingia angani. Kilo 1 ya R134a, gesi ya viwandani iliyoenea katika friji na magari, huongeza joto la dunia kama kilo 1,430 hivi za dioksidi ya kaboni katika miaka 100. Propani haifiki kilo 5, na amonia ni 0. Gesi ya zamani R22 huharibu pia tabaka la ozoni.

Mkoa wa Kagera

Katika wilaya za Bukoba na Muleba, dagaa huweza kuanikwa juani, lakini sangara wa kupelekwa viwandani huhitaji barafu tangu anapovuliwa. Wavuvi wa visiwa vya Muleba, kama Bumbire na Goziba, wako mbali na viwanda, hivyo barafu ikikosekana samaki huoza na kipato hupotea. Kwa hiyo ubaridi hauepukiki. Kinachoweza kubadilishwa ni gesi inayouzalisha. Duniani, amonia imetumika katika viwanda vya barafu na vyakula tangu karne ya 19.

Mkataba wa kimataifa

Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 ilianza kuondoa gesi zinazoharibu ozoni. Tarehe 15 Oktoba 2016 nchi wanachama zilikubaliana mjini Kigali, Rwanda, nchi inayopakana na Kagera, kupunguza pia gesi za jamii ya R134a. Marekebisho hayo yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019.

Tahadhari

Amonia ni sumu na harufu yake ni kali; propani na isobutani huwaka; dioksidi ya kaboni huhitaji mabomba yanayostahimili shinikizo kubwa. Aina ya gesi huandikwa kwenye kibandiko cha friji. Friji iliyotengenezwa kwa R134a haifai kujazwa propani, kwani cheche ya swichi yake inaweza kuwasha gesi iliyovuja.