Polima zinazoachia dawa kwa mawimbi ya sauti na tiba ya kifua kikuu migodini

Polima zinazoitikia mawimbi ya sauti ni molekuli ndefu zinazotengenezwa maabara ili kubeba dawa na kuiachia mahali palipokusudiwa. Mawimbi hayo hayasikiki kwa sikio la binadamu, kama yale ya kipimo cha ultrasaundi.

Mawimbi yanapoipiga polima, hukata kiungo dhaifu na dawa ikafunguka. Polima ikiunganishwa na rangi ing'aayo, mtafiti huona kwa hadubini seli iliyopokea dawa. Watafiti wa Aachen, Ujerumani, ni miongoni mwa wanaoendeleza elimu hiyo.

Katika migodi ya dhahabu ya Geita na Shinyanga, vumbi la silika litokalo kwenye maduara na makarasha huharibu mapafu na kuongeza hatari ya kifua kikuu. Bakteria wake hujificha ndani ya seli za kinga, hivyo tiba ya kawaida huchukua miezi 6: dawa 4 kwa miezi 2, kisha dawa 2 kwa miezi 4.

Hata hivyo, mawimbi hayo hayapenyi hewa vizuri. Ndiyo maana mjamzito hupakwa jeli kabla ya kupimwa. Mapafu yamejaa hewa, hivyo njia hii haijawa mbadala wa vidonge. Mchimbaji anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi anapaswa kupimwa mapema, kumaliza dozi yote, na kulowesha mawe kwa maji ili kupunguza vumbi.