Bonana na mambo madogo ya nyumba: historia fupi ya mwaka mpya mu miji ya Katanga



Neno bonana tunalijua wote, kuanzia Lubumbashi hadi Likasi na Kolwezi, na hata kule Kinshasa wanakosema Lingala. Lilitoka kwa Kifaransa, bonne année, likapita mu vinywa vya watu wetu na likakuwa letu. Leo bonana si salamu tu. Ni nguo mpya ya mtoto, ni kuku mu sahani, ni kasha ya bia, ni ziara kwa shangazi. Na tena ni siku ambayo kila mtu anajiapia: mwaka huu nitabadilika. Nitapunguza pombe, nitaweka akiba, nitakaa zaidi na watoto. Kufika mwisho wa Januari maneno hayo yamepotea, na mama wa nyumba anahesabu meka za unga.

Mu makala hii tunataka kuuliza swali la historia. Desturi ya kubadili maisha mwanzo wa mwaka ilitoka wapi kwetu? Ni mabadiliko gani yalidumu, na juu ya nini? Tunafikiri kwamba zamani zetu ziko na jibu ambalo linaweza kutusaidia.

Mwaka wa mvua

Kabla ya karatasi ya kalenda kutundikwa ukutani, watu wa inchi hii walihesabu miaka kwa mvua. Mu Katanga ya kusini mvua inaanza mu Oktoba au Novemba, inaendelea mpaka Machi au Aprili, kisha inafuata kiangazi kirefu. Mwaka wa mkulima ulianza pale mawingu ya kwanza yalipotokea. Majembe yalikuwa yametengenezwa, paa la nyumba limefunikwa tena, na mbegu zimewekwa pembeni. Mbegu hizo hazikuguswa, hata njaa ikipiga hodi.

Tuangalie vizuri jambo moja. Mahindi yanapandwa mu Novemba na Desemba, na yanavunwa mu Aprili na Mei. Kwa hiyo tarehe 1 Januari inaanguka katikati ya miezi migumu: chakula cha mwaka jana kinaelekea kwisha, cha mwaka huu kingali majani. Mu akili ya mkulima, huo ulikuwa wakati wa kupima chakula, wa kupalilia na wa kungojea. Karamu kubwa ilikuja nyuma ya mavuno, wakati ghala imejaa. Kalenda ya Wazungu ilituletea karamu wakati ghala iko karibu tupu. Shida yetu ya Januari haitoki paka kwa uzembe wa watu. Inatoka pia kwa kalenda mbili ambazo hazikukutana.

Wiki ya kazi na posho

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mu 1906. Mu 1910 njia ya reli kutoka kusini ilifika mahali ambapo mji wa Elisabethville ulizaliwa, ndiyo Lubumbashi yetu. Watu walitoka pande zote kuja kufanya kazi, na wakati wenyewe ukabadilika. Hata majina ya siku yanashuhudia: kazi moja, kazi mbili, kazi tatu, mpaka siku ya posho, kisha siku ya Mungu. Mababu zetu walitaja wiki kwa namna kampuni ilivyoigawanya: siku za kutoa nguvu na siku ya kupokea chakula.

Mwanzoni wafanyakazi waliandikwa kwa miezi michache, bila wake zao, na wengi walikufa kwa magonjwa. Karibu na mwaka wa 1928 kampuni ilibadili siasa yake: kontra ya miaka mitatu, mwanaume aje na bibi na watoto. Hapo nyumba ya mfanyakazi ikawa shamba la mageuzi. Posho ilipimwa kwa kilo. Watoto wachanga walipelekwa kwenye mizani. Wamama waliitwa mu foyer kujifunza kushona, kupika, kufua na kulea. Lupango ulipaswa kufagiwa, na takataka kutupwa mahali pamoja.

Tusikatae ukweli: mengi ya mambo hayo madogo yaliokoa maisha. Maji safi, choo chenye kufunikwa na chandarua si mambo ya Wazungu, ni mambo ya uzima. Lakini kampuni haikufanya hayo bure. Ilitaka mfanyakazi mwenye nguvu leo, na mtoto wake awe mfanyakazi kesho. Watu walipoomba kitu ambacho kampuni haikutaka kutoa, ndiyo mshahara wenye kutosha, jibu lilikuwa lingine. Mu Desemba 1941, wakati wa vita, wafanyakazi waligoma. Tarehe 9 Desemba askari walipiga risasi juu ya umati kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville, na makumi ya watu wakakufa. Familia zao ziliingia mwaka wa 1942 mu kilio. Tunapokunywa kwa furaha mwisho wa mwaka, ni vizuri kukumbuka kwamba mu mji huu Desemba iko na damu yake.

Uma na kisu

Nyuma ya vita serikali ya kikoloni ilianza kutafuta wale iliowaita évolués. Mu 1948 ilitoa karti ya mérite civique, na mu 1952 ikaweka immatriculation. Ili kuipata, mtu alipaswa kuonyesha kwamba anaishi « kistaarabu ». Tume ilikuja mpaka nyumbani: ilitazama vyumba na jiko, iliuliza juu ya ndoa, juu ya vitabu, juu ya namna ya kula. Wazee wengi walinunua uma na kisu. Lakini ni watu wachache sana waliokubaliwa, na hata wao hawakupata usawa waliotumaini.

Hapa tunapata somo la kwanza. Badiliko la maisha ambalo linafanywa ili mwingine akuone, linakufa siku ile yule mwingine anapoondoka. Uma ilibaki mu kabati. Lakini mtu aliyejifunza kusoma kila jioni kwa kupenda mwenyewe, huyo aliendelea kusoma hata nyuma ya 1960, na watoto wake wakasoma.

Salongo na majina

Mu miaka ya 1970 ilikuwa zamu ya leta yetu wenyewe kutuomba tubadilike. Mu Oktoba 1971 inchi iliitwa Zaïre. Mu 1972 majina ya ubatizo yalikatazwa, wababa wakavaa abacost, wamama wakaambiwa waache suruali na mini. Mu 1974 Noeli iliondolewa mu siku za mapumziko. Na kulikuwa salongo: kutoka wote pamoja kufagia barabara, kufungua mifereji, kukata majani.

Ni nini kilibaki? Abacost ilienda na wakati wake. Noeli ilirudi. Majina ya mababu, wengi waliyashika kwa moyo, na hayo ni faida. Salongo ilichukiwa ilipokuwa ya lazima, wakati mkubwa alitazama na mdogo akafagia. Lakini mu avenue nyingi watu wanapojipangia wenyewe kuzibua mfereji mbele ya mvua kubwa, wanaita kazi hiyo salongo, na wanaifanya kwa kicheko. Kazi ni ile ile, mwenye kuiamuru ndiye amebadilika.

Shule ya mangaribo

Shule kubwa kuliko zote ilikuwa mangaribo ya miaka ya 1990. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilikuwa imetoa zaidi ya tani 470,000 za shaba mu 1986. Mu 1994 ilitoa karibu tani 30,000 tu. Mishahara ilikawia miezi na miezi. Pesa nayo ilikuwa maji mu kikapu: mu 1993 zaïre milioni tatu za zamani zilibadilishwa kwa zaïre mpya moja, na mu 1998 zaïre mpya 100,000 zikawa franka moja ya Kongo. Aliyeweka noti chini ya godoro aliamka na karatasi.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga, namna kampuni iliyokuwa sawa baba iliacha watoto wake. Nani alibeba nyumba? Ni wamama kwanza. Walilima mashamba kando ya mji, walipanda kalembula nyuma ya nyumba, waliuza mikate, makala na samaki barabarani. Na waliimarisha likelemba: watu kumi wanachanga, mmoja anapokea, mwezi unaofuata mwingine. Walioona noti zinaoza waligeuza pesa upesi kuwa kitu: kitenge, unga, sufuria, bati za nyumba.

Hakuna aliyewaamuru. Hakuna tume iliyokuja kutazama jiko. Na tazama: mashamba ya kando ya mji yangaliko, likelemba ingaliko, siku hizi nyingine zinapita mu simu. Mu 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walipokubali kile kilichoitwa départs volontaires, wengi walipokea pesa nyingi mara moja kwa mara ya kwanza mu maisha yao, na mu nyumba nyingi pesa hiyo haikukaa. Mahali ambapo mama alikuwa tayari na shamba au meza ya soko, nyumba ilisimama. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba lazima kiwepo mbele ya haba.

Mambo madogo ya bonana yetu

Tunaomba basi nini? Hatutaki kuvunja bonana. Mtoto avae nguo yake mpya, maana furaha ya mtoto ni baraka ya nyumba. Tunaomba mambo madogo manne tu, yote yametoka mu historia yetu.

La kwanza, mbegu isiguswe. Mbele ya kununua kasha ya bia, kila nyumba itoe pembeni unga wa Januari na Februari na pesa ya masomo ya watoto. Likelemba moja ya mwaka ipangwe ifike mu Desemba kwa kazi hiyo.

La pili, daftari. Posho ilipimwa na kampuni kwa faida yake, sisi tupime yetu kwa faida yetu. Bibi na bwana waandike pamoja kinachoingia na kinachotoka. Mu nyumba nyingi ugomvi wa pesa unatoka kwa giza, na daftari ni taa.

La tatu, lupango. Januari ni kilele cha mvua. Mbu wanazaliwa mu makopo na madimbwi, maji machafu yanaingia mu visima. Kufunika kisima, kuchemsha maji, kulala chini ya chandarua, kupanda matuta mawili ya kalembula: hayo hayaombi pesa mingi.

La nne, kumbukumbu. Tarehe 4 Januari tunawakumbuka wafia uhuru wa Léopoldville ya 1959. Tarehe 17 Januari tunamkumbuka Lumumba, ambaye aliuawa mu 1961 karibu na mji wetu huu. Siku hizo mzee wa nyumba akae na watoto nusu saa, awasimulie aliyoyaona: mvua, posho, mgomo, salongo, miaka ya njaa. Wazee wanatuacha kila mwaka, na kwa nyumba nyingi ndio daftari pekee iliyobaki.

Na tusifanye hayo kila mtu peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ahadi ambayo mtu anaiweka mu moyo wake usiku wa bonana inakufa asubuhi, lakini ile iliyosemwa mbele ya bibi, ya watoto na ya jirani wa likelemba iko na mashahidi. Wamama wa miaka ya 1990 walishinda njaa kwa njia hiyo: kila mmoja alijua kwamba wengine tisa wanamngojea.

Bonana njema kwa nyumba zenu zote.