Ahadi ni Deni, Lakini Mahakama Hudai Zaidi

Waswahili tuna usemi mfupi unaotosha kuwa somo zima la maadili: ahadi ni deni. Mtoto huusikia nyumbani, na mkubwa hukumbushwa nao pale anapoanza kukwepa. Lakini ndugu msomaji, ukijiandikisha kusoma sheria ya mikataba hapa Marekani, jambo la kwanza utakalofundishwa ni kwamba mahakama haiukubali usemi huo hivi hivi. Ahadi nyingine ni deni, nyingine ni maneno tu. Mpaka kati ya hizo mbili mwanafunzi haufundishwi kwa kukariri vifungu, bali kwa kusoma kesi za watu waliogombana. Ni vyema tujue mtindo huu ulitoka wapi, kwani unatugusa hata sisi wa Mesquite ambao hatuna nia ya kuwa mawakili.

Aliyeuanzisha ni Christopher Columbus Langdell, aliyeshika ukuu wa Shule ya Sheria ya Harvard mwaka 1870. Kabla yake, mwalimu alisoma mhadhara, wanafunzi wakaandika, na mwisho wa muhula wakatapika walichomeza. Langdell aliona kwamba sheria ilizaliwa mahakamani, basi isomwe huko huko ilikozaliwa. Mwaka 1871 alitoa kitabu cha kesi za mikataba, na darasani badala ya kuhutubia akauliza maswali.

Kesi aliyoanza nayo ni ya Payne dhidi ya Cave, ya Uingereza, mwaka 1789. Ulikuwa mnada. Bwana mmoja alipanda dau hadi pauni 40 kwa vyombo vya kukenekea pombe, kisha kabla dalali hajagonga nyundo akasema, sitaki tena. Je, alikuwa amefungwa? Mahakama ilisema hapana. Dau ni pendekezo tu, na ukubali wa muuzaji ni ule mgongo wa nyundo. Kabla ya hapo kila upande una ruhusa ya kurudi nyuma. Aliyewahi kusimama mnadani kwetu, akaona watu wakipandishiana bei ya ng'ombe au mitumba, hahitaji kuelezwa mara mbili.

Wanafunzi wengi hawakupendezwa. Walikuja kupewa majibu, wakapewa maswali. Darasa likapungua, na mwaka 1872 Chuo Kikuu cha Boston kikafungua shule yake ya sheria, iliyowavutia wengi waliopenda mtindo wa zamani. Hata hivyo, katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 mtindo wa Langdell ulikuwa umeenea karibu nchi nzima.

Tugeukie kwetu. Mwaka ule ule wa 1872, Waingereza walitunga Sheria ya Mikataba ya India, wakakusanya kanuni katika vifungu vilivyopangwa kwa namba. Walipotawala Afrika Mashariki waliileta sheria hiyo pamoja na nyingine za India. Zanzibar ilipata Dikrii yake ya Mikataba mwaka 1917, iliyofuata mfano huo huo. Ilipofika 1961 majirani wawili wakaachana njia. Kenya iliiweka kando sheria ya India na kuchukua kanuni za Uingereza zinazotokana na hukumu za mahakama. Tanganyika ilitunga sheria yake, lakini ikabaki na vifungu vya India karibu kama vilivyo, na hadi leo kifungu cha 10 cha sheria ya mikataba ya Tanzania kinadai ridhaa huru, watu wenye uwezo kisheria, badali halali na lengo halali.

Mwaka huo huo, Oktoba 1961, kitivo cha sheria cha Dar es Salaam kilianza na wanafunzi 14 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Mkuu wake wa kwanza, A. B. Weston, hakutosheka na kufundisha kwa Kiingereza tu. Mwaka 1968 yalichapishwa maneno ya sheria kwa Kiswahili aliyoyakusanya. Hivyo basi, Mkenya, Mtanzania Bara na Mzanzibari wakikutana katika darasa moja la sheria hapa Texas, kila mmoja amekuja na mzigo wake, na wote watatu wanaambiwa waanze na kesi.

Kesi husomwaje? Mwanafunzi hujiuliza maswali manne. Kilitokea nini? Mahakama iliulizwa nini? Ilijibu nini? Na kwa sababu gani? Hilo la nne ndilo kiini, maana sababu ndiyo inayosafiri kwenda kesi ya kesho.

Tuchukue mfano unaotugusa, Balfour dhidi ya Balfour wa mwaka 1919. Mume aliyefanya kazi Ceylon alimwahidi mkewe aliyebaki Uingereza pauni 30 kila mwezi. Ndoa ikaharibika, mke akadai. Mahakama ya Rufaa ikamnyima, ikisema mapatano ya mke na mume wanaoishi kwa mapenzi kwa kawaida hayakusudiwi kupelekwa mahakamani. Sisi ambao ndugu zetu wanaishi kwa ahadi za simu, "mwisho wa mwezi nitatuma", tunaweza kuisoma kesi hii tukanyamaza kidogo. Ahadi hiyo ni deni mbele ya Mungu na mbele ya ukoo. Mbele ya jaji ni habari nyingine.

Mfano mwingine uko hapa hapa Texas. Januari 1984 kampuni ya Pennzoil ya Houston ilikubaliana na wakuu wa Getty Oil kununua sehemu ya kampuni hiyo kwa dola 112.50 kwa hisa. Tangazo likatolewa, lakini hati ya mwisho ilikuwa bado haijatiwa saini. Ndani ya siku chache Texaco ikaja na bei kubwa zaidi, ikachukua. Pennzoil ikashtaki Houston. Swali lilikuwa lile lile la mnada wa Langdell: nyundo ilikuwa imegonga au bado? Novemba 1985 wananchi walioketi katika baraza la mahakama walisema imegonga, wakaitwisha Texaco fidia ya dola bilioni 10.53. Mwaka 1987 mahakama ya rufaa ilipunguza bilioni 2, Texaco ikaomba kinga ya sheria ya kufilisika, na mwishowe wakamalizana kwa bilioni 3. Mapatano bila saini ya mwisho yaliitikisa kampuni ya mafuta.

Sasa tuje Mesquite. Wengi wetu hutia saini mkataba wa nyumba au wa gari uliojaa maandishi madogo, katika lugha ya tatu au ya nne. Wengine hukopeshana kwa neno la mdomo tu, au hununua shamba nyumbani kwa pamoja na rafiki. Sheria ya Texas inataka mauzo ya ardhi, upangaji wa zaidi ya mwaka mmoja, na mapatano yasiyoweza kutimizwa ndani ya mwaka, yawe katika maandishi yenye saini. Mapatano mengine ya mdomo yanaweza kuwa mkataba kamili, ila mzigo wa kuyathibitisha ni wako, na kwa kawaida una miaka 4 ya kudai. Madai yasiyozidi dola 20,000 husikilizwa katika mahakama ndogo za kaunti, ambako mtu anaweza kujisimamia bila wakili.

Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Huku ugenini hatuna bahati hiyo, kwa hiyo inatubidi kusoma. Tusome hata kesi moja moja, tujiulize yale maswali manne, na kabla ya kukopeshana tuandike karatasi, hata kati ya ndugu. Kuandika si kukosa imani. Wazee walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.