Kabla ya 2027, Tusome Nairobi ya 1957

Wasee, kuna swali moja ambalo limekuwa likizunguka tangu Juni 2024: sasa tufanye nini? Tulitoka. Tarehe 25 Juni watu waliingia Bunge, wengine hawakurudi nyumbani, na kesho yake Rais akasema hatatia saini Mswada wa Fedha. Hiyo ilikuwa nguvu, hakuna mtu atanidanganya haikuwa. Lakini mswada ni karatasi. Ukiuangusha leo, waliouandika bado wako kazini kesho asubuhi, na mwaka ujao wanaandika mwingine.

Majibu ninayoyasikia mtaani ni mawili. Kuna wale wanasema turudi barabarani. Halafu kuna wale wanasema tutafute mtu mmoja msafi, tumsukume hadi Ikulu 2027, atatutengenezea kila kitu. Mimi niko na jibu la tatu, na sikulitoa kichwani mwangu. Nililitoa kwenye uchaguzi uliofanyika hapa hapa Nairobi, Machi 1957. Ngoja niwapigie hiyo stori, halafu mniambie kama haifanani na yetu.

Jiji la vibali

Kwanza elewa mazingira. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Chama kikubwa cha Waafrika, KAU, kikapigwa marufuku 1953. Tarehe 24 Aprili 1954 Waingereza wakafunga jiji lote kwa msako walioupa jina Operation Anvil, na maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapakiwa kwenye malori hadi kambi za vizuizi. Nairobi ikabaki jiji la kutembea na karatasi mfukoni.

1955 serikali ikalegeza kamba kidogo. Mwafrika aliruhusiwa tena kuwa na chama cha siasa, lakini cha wilaya yake tu. Chama cha Kenya nzima, hapana. Umeona huo ujanja? Unafungia siasa ndani ya wilaya, watu wanazoea kujipanga kwa wilaya, halafu miaka sitini baadaye unaambiwa ati Waafrika ni wakabila kwa asili. Hiyo mbegu ilipandwa kwa sheria.

Kisha ukaja uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuchagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane. Vinane, kwa Waafrika takriban milioni sita. Na hukupiga kura kwa sababu tu umefikisha umri. Ulipimwa elimu yako, mshahara wako, mali yako, utumishi wako. Ukiwa na sifa nyingi ulipewa kura mbili au hata tatu. Ukiwa huna, wewe ni mtazamaji. Na kama wewe ni Mkikuyu, Mwembu au Mmeru, ilibidi kwanza uthibitishe kwamba wewe ni mtiifu kwa serikali. Kwa hivyo maelfu ya watu waliokuwa wameumia zaidi ndio waliofungiwa nje.

Ukiangalia hiyo hali kwa akili ya kawaida, unasema: huu mchezo umeshapangwa, mimi sishiriki. Na ungekuwa na haki ya kusema hivyo.

Kijana wa vyama vya wafanyakazi

Mgombea mmoja wa Nairobi alikuwa Tom Mboya, miaka 26. Baba yake alifanya kazi kwenye shamba la mkonge kule Kilima Mbogo, karibu na Thika. Mboya aliacha shule ya Mang'u kwa sababu karo iliisha. Akasomea kazi ya ukaguzi wa afya kule Kabete, akaajiriwa na baraza la jiji. Mimi mwenyewe niliacha chuo, kwa hivyo hiyo sehemu huwa naisoma mara mbili.

Sasa hapa ndipo penye dawa. Vyama vya siasa vilipofungwa, vyama vya wafanyakazi vilibaki wazi. Mboya akaingia huko, akapanda hadi akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Kenya akiwa na miaka 23. Watu wengi wakisikia hivyo wanafikiria hotuba. Hotuba alikuwa nazo, sikatai. Lakini chama cha wafanyakazi ni kitu kingine kabisa. Kiko na orodha ya wanachama. Kiko na ada ya kila mwezi na mtu wa kuipokea. Kiko na katibu wa tawi anayejua nani amefutwa kazi na nani mtoto wake ni mgonjwa. Kiko na mikutano ya jioni inayochosha, ambapo mnabishana kuhusu shilingi mbili. Hiyo ndiyo mashine.

Mpinzani wake mkubwa hakuwa mtu mbaya, na hapa nataka tuwe wakweli. Clement Argwings-Kodhek alikuwa wakili wa kwanza Mwafrika nchini, na alisimama mahakamani kuwatetea washukiwa wa Mau Mau wakati kufanya hivyo kulikuwa hatari. Alikuwa na jina na alikuwa na roho. Alikuwa hata na chama cha wilaya ya Nairobi. Lakini wengi wa watu aliowatetea hawakuwa na kura.

Mboya alishinda kwa tofauti ya karibu kura 400. Fikiria hiyo namba. 400 ni ploti chache za Pipeline. Ni kanisa moja likijaa Jumapili. Katika uchaguzi ambapo lazima uombe kuandikishwa, ulete ushahidi wa mshahara au cheti, mtu aliye na watu wa kukukumbusha, kukusaidia kujaza fomu na kukusindikiza ana faida ambayo hotuba haiwezi kununua. Kura ilitafutwa miezi kabla ya siku yenyewe.

Wanane waligusa nini?

Najua kuna mtu anauliza: viti vinane vitafanya nini? Vilifanya hivi. Wale wanane, wakiwemo Mboya, Oginga Odinga, Masinde Muliro, Ronald Ngala na Daniel arap Moi, walikataa nafasi za uwaziri walizowekewa mezani. Walisema katiba hiyo hawaitambui na wakasimama hapo pamoja. Kabla mwaka wa 1957 haujaisha, London ilikuwa imetangaza katiba nyingine, na Waafrika wakaongezewa viti sita. Mapema 1960 walikuwa Lancaster House wakijadili Kenya yenye Waafrika wengi ndani ya baraza. Watu wanane waliotoka kwenye uchaguzi mbovu ndio walifungua huo mlango.

Na Mboya hakulala baada ya kushinda. Wafuasi wake Nairobi walijenga chama chao, Nairobi People's Convention Party. Kilikuwa na vikundi vidogo ndani ya mitaa ya Waafrika, sehemu kama Kaloleni, ambako ukumbi wa kijamii ulikuwa kama bunge la mtaa. Kilikuwa na gazeti lao, Uhuru. Kilihimiza watu kususia pombe, sigara na mabasi kama njia ya kugoma. Serikali ilikiogopa kiasi kwamba Machi 1959 polisi waliwakamata viongozi wake na gazeti likapigwa marufuku. Serikali haivamii watu wanaopiga makelele tu. Huvamia watu waliojipanga.

Halafu ikaja 1961. Nairobi East, wapiga kura wengi ni Wakikuyu. Mboya ni Mluo. Anapambana na Dkt. Munyua Waiyaki, Mkikuyu mwenye jina kubwa la ukoo. Kwa hesabu za wachambuzi wa leo hiyo ilikuwa imeisha. Mboya akabeba zaidi ya kura 9 kati ya kila 10. Mtu akikuambia Mkenya hupigia kabila tu, muulize kuhusu Nairobi East. Watu walikuwa wamemwona miaka minane akipigania mishahara yao. Walikuwa wameona vijana wakipanda ndege kwenda kusoma Marekani, 81 kwenye safari ya kwanza ya 1959. Uaminifu ulijengwa kabla kura haijaitishwa.

Mahali stori inauma

Ningeweza kuishia hapo tupige makofi. Lakini hii stori ina sehemu ya pili, na ndiyo inanifanya niiandike.

1960 KANU iliundwa, na siasa ya Nairobi ikamezwa ndani yake. Mboya akawa katibu mkuu wa KANU, kisha waziri. 1966, kule Limuru, yeye ndiye alikuwa fundi wa mkutano uliomsukuma Odinga nje. Odinga akaunda KPU, na KPU ikaminywa hadi ikapigwa marufuku 1969. Yule kijana aliyejua uchungu wa vyama kufungwa alikuwa sasa ndani ya serikali iliyokuwa ikiminya chama cha upinzani. Na tarehe 5 Julai 1969 yeye mwenyewe akapigwa risasi katikati ya jiji, akiwa na miaka 38.

Nauliza: wale watu wa Kaloleni, wale makatibu wa matawi, walikuwa wapi 1966? Nani angemwita mtu wao kwenye ukumbi amuulize, Tom, hii ni nini? Hakukuwa na ukumbi tena. Mashine ilikuwa imejengwa ikimzunguka mtu mmoja. Mtu alipopanda ngazi, mashine ikapanda naye, mtaa ukabaki bila chombo. Alipouawa, haikubaki ya kurithiwa.

Kwa hivyo somo langu ni hili, na ni moja tu. Kikundi kwanza, mgombea baadaye. Na mgombea akishinda, kikundi kisivunjwe.

Turudi kwetu

2022 walioandikishwa kupiga kura walikuwa zaidi ya milioni 22. Waliopiga ni kama milioni 14. Tofauti ya Ruto na Raila ilikuwa kura 233,211. Na vijana wa miaka 18 hadi 34, ambao ndio wengi mitaani, walikuwa chini ya asilimia 40 ya daftari. Sisi hatuombwi cheti cha utiifu. Hatupimwi mshahara. Babu zetu walifungiwa nje na mkoloni, sisi tunajifungia wenyewe halafu tunalalamika baridi.

Na si lazima tuanze na Ikulu. Kenya iko na wadi 1,450, Nairobi peke yake 85. Bunge la kaunti ndilo hupitisha bajeti ya zahanati, chekechea, soko na bomba la maji lako. Katiba inasema mgombea huru wa wadi anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 500 waliosajiliwa hapo, na awe hajakuwa mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. 500! Kuna watu hapa mna wafuasi elfu kumi kwenye simu na hamwezi kutaja majirani watano.

Mwaka jana nilienda kikao cha umma cha bajeti ya kaunti mtaani. Viti vilikuwa vingi kuliko watu. Wazee wachache, kina mama wa soko, na vijana wawili, mmoja wao akiwa mimi. Mama mmoja alisimama akauliza kuhusu taa za soko, akajibiwa, ikaandikwa. Hakuwa na maikrofoni ya maana wala video. Alikuwepo tu. Nilitoka pale nikijua kwamba mlango uko wazi nusu, na hatuusukumi.

Kwa hivyo kama uko na marafiki kumi mnaotaka mambo yabadilike, anzeni hivi. Chagueni wadi moja, mnayoishi. Hesabuni nani ana kadi ya kura na nani hana, ploti kwa ploti, na msindikize wasio nayo. Changeni pesa kidogo kila mwezi, hata ya soda, na daftari lionekane na kila mtu, kwa sababu asiyechangia hana sauti ya kuuliza. Nendeni vikao vya bajeti. Andikeni mambo matano mnayotaka mtaani, kwa maneno ya mama wa soko. Baada ya hapo ndipo mmuite mgombea, mumpe hiyo karatasi, mumwambie: tutakubeba kwa hili, na kila miezi mitatu utarudi kwa huu ukumbi kutuambia umefika wapi. Akikataa, hamjapoteza kitu. Kikundi bado kipo, na kuna mgombea mwingine.

Haina utamu, najua. Hakuna mtu atarekodi video ya wewe ukijaza daftari la ada. Na utakutana na mtu wa noti za mia mbili kwenye kona, na jirani yako atazichukua kwa sababu unga hauna siasa. Huyo usimtukane. Mhesabu bado, kwa sababu kura ni siri, na anajua nani alikuja kwake Januari na nani alikuja wiki ya mwisho.

Leo kuna barabara inaitwa Tom Mboya na nyingine Argwings Kodhek. Tunazipita na matatu kila siku. Majina ya makatibu wa matawi waliotafuta zile kura 400 hayako kwenye kibao chochote. Hao ndio nataka tuwe. 2027 iko karibu kuliko unavyodhani. Bila kuangalia simu: mwakilishi wa wadi yako anaitwa nani, na mara ya mwisho mlimuuliza swali ilikuwa lini?