Betri Inayobaki Chini

Vitabu vya historia ya ndege za modeli husimulia mabawa, injini na redio. Betri iliyokaa ardhini, ndani ya kisanduku anachobeba mrushaji mpaka uwanjani pamoja na kopo la mafuta, bisibisi na propela za akiba, haipewi hata aya moja. Nadhani ni upungufu mkubwa, maana kila mara ndege ilipofanywa nyepesi, kuna mzigo uliotuliwa kutoka tumboni mwake, na mara nyingi mzigo huo uliishia ndani ya kisanduku. Anayefuatilia ulipohamia ataelewa kwa nini betri ya uwanjani ilikua kadiri ndege ilivyopungua uzito, na kwa nini risasi na asidi, teknolojia ya mwaka 1859, bado zinabishaniwa leo na watu wanaorusha mitambo ya kisasa kabisa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ndege nyingi za modeli nchini Marekani zilisukumwa na mpira uliosokotwa, na mpira hauhitaji umeme. Mwaka 1933 kijana Maxwell Bassett alizibwaga ndege za mpira kwenye mashindano ya taifa, kwa kutumia injini ndogo ya petroli iliyobuniwa na Bill Brown wa Philadelphia. Baada ya hapo ndege za injini zikatengewa daraja lake. Injini ile ilichoma mafuta kwa plagi ya cheche, na cheche ina gharama: koili, kondensa, kifaa cha kukata na kuunga umeme, na betri. Vyote viliruka. Kwa ndege iliyojengwa kwa mbao laini na karatasi, gramu mia moja za vifaa vya cheche ni mzigo wa kweli, kwa hiyo warushaji walipunguza palipopunguzika, wakaweka ndani ya ndege betri kavu ndogo za tochi. Betri hizo zilitosha kuendesha injini iliyokwisha kushika. Hazikutosha kuvumilia dakika nyingi za kuzungusha propela kwa kidole huku injini ikigoma. Dawa ikawa kuweka betri kubwa chini, kuiunga na ndege kwa waya na jeki, kuwashia injini kwa umeme wake, kisha injini ikishika unahamia betri ya ndani na kuchomoa waya. Hapo ndipo betri ya uwanjani ilipozaliwa, ikiwa bado msaidizi tu.

Ilipata kazi yake kamili mwishoni mwa mwaka 1947, Ray Arden wa New York alipoingiza sokoni hita plagi ya injini ndogo. Ndani yake mna waya mwembamba wa platinamu uliosokotwa kama chemchemi. Ukiupa volti moja na nusu unawaka mwekundu, unaunguza mvuke wa methanoli, injini inashika. Kinachoshangaza kinafuata: unachomoa betri, na waya unaendelea kuwaka wenyewe, kwa sababu platinamu huchochea methanoli kuungua juu yake na joto la kila mwako hulindwa hadi mwako unaofuata. Koili ikaondoka, kondensa ikaondoka, betri ya ndani ikaondoka. Ndege ikabaki na injini, tangi na mafuta ya methanoli yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo ya kulainishia. Lakini umeme wa kuwashia ulikuwa bado unahitajika, tena mwingi: hita plagi hula ampea tatu hivi. Betri ya tochi haiwezi kutoa kiasi hicho kwa muda. Kwa hiyo kisandukuni ikaingia ile betri kavu nene ya volti 1.5, yenye kimo cha sentimita 15, iliyokuwa tayari inauzwa kwa ajili ya simu na kengele za milangoni. Uzito wake ungekuwa mzigo mkubwa kwa ndege ya wakati huo; chini haukumsumbua mtu.

Msomaji makini atapinga hapa, na ana haki. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya zilipenda injini ndogo za dizeli, zinazochoma mchanganyiko wa etha, mafuta ya taa na mafuta ya nyonyo kwa kuubana tu, bila plagi wala waya. Vijana wengi walirusha ndege kwa miaka bila kumiliki betri yoyote. Je, hilo halioneshi kwamba betri ya uwanjani ilikuwa chaguo tu? Linaonesha, kwa enzi ile na kwa injini ndogo. Ila udhibiti kwa redio ulipoenea, mrushaji alitaka injini inayoitikia upesi inapoongezwa au kupunguzwa kasi, alitaka ukubwa unaozidi ule ambao dizeli ndogo huendeshwa kwa raha, na hakutaka kunuka etha mpaka nyumbani. Hita plagi ikashinda. Na ukitazama vizuri, hata dizeli haikuepuka kulipa: kazi ya betri ilifanywa na kidole cha mrushaji, ambacho kilipigwa na propela mara kwa mara.

Kidole hicho ndicho kilicholeta hatua iliyofuata. Injini zilipokuwa kubwa, kuziwasha kwa mkono kukawa hatari, na katika miaka ya 1970 stata ya umeme ya volti 12, mota yenye kikombe cha mpira kinachobanwa mbele ya propela, ikawa kifaa cha kawaida uwanjani. Betri kavu ya kengele haikuwa na la kufanya mbele ya mota inayovuta ampea 20 na zaidi. Watu wakachukua betri za pikipiki. Zilitosha kwa nguvu, zikaudhi kwa tabia: asidi ilimwagika garini, ikatoboa suruali, ikala vyuma vya zana zilizolala kando yake. Ukombozi ulikuwa umeshapatikana Ujerumani mwaka 1957, pale Otto Jache wa kampuni ya Sonnenschein alipoigandisha asidi ikawa kama uji mzito ndani ya kasha lililofungwa, lenye vali ndogo ya kutolea gesi. Betri ya namna hiyo, na nduguye ambayo asidi yake hunywewa na pamba ya kioo, huweza kulala ubavu bila kumwaga tone. Saizi iliyowafaa warushaji, volti 12 na ampea-saa 7, yenye urefu wa sentimita 15 na uzito unaozidi kilo mbili kidogo, ilienea kwa sababu ya ving'ora vya wezi na taa za dharura. Warushaji waliikuta dukani, bei yake imeshashushwa na wanunuzi wengine.

Kuna watakaosema basi hakuna historia ya betri ya uwanjani, kuna historia ya simu, ya kengele, ya pikipiki na ya ving'ora, na warushaji walizoa masazo tu. Nakubali nusu ya kwanza. Lakini kuchagua ni ustadi, na hapa palihitaji kufikiri. Chukua stata inayovuta ampea 25 kwa sekunde 10: inakula ampea-saa 0.07 tu. Uwashe injini mara 20 kwa siku, hujafikisha ampea-saa moja na nusu. Betri ya ampea-saa 7 inabeba kazi hiyo kwa urahisi, pamoja na hita plagi inayolishwa kupitia paneli ya kushushia volti, na pampu ya mafuta. Kununua ya ampea-saa 20 ni kujitwisha kilo bila sababu. Hesabu hubadilika ukitaka umeme mfululizo. Namba 7 iliyochapwa kwenye kasha huwa imepimwa kwa kutoa umeme polepole kwa saa 20, yaani ampea 0.35. Ukivuta ampea 7 hutapata saa nzima. Betri mpya hukata kabla ya dakika 45. Mjerumani Wilhelm Peukert alieleza kanuni ya upungufu huo mwaka 1897, na mpaka leo wauzaji hawaitaji.

Kanuni hiyo haikumsumbua mtu mpaka ndege yenyewe ilipoanza kuruka kwa umeme. Tarehe 30 Juni 1957, nchini Uingereza, Kanali H. J. Taplin alirusha ndege ya redio iliyoitwa Radio Queen kwa mota ya umeme na betri za fedha na zinki, ghali mno kwa mtu wa kawaida. Miaka ya 1970 Robert Boucher wa Marekani, kupitia kampuni yake ya Astro Flight, aliuza mota na betri za nikeli-kadimiamu ambazo zingeweza kuchajiwa kwa dakika 15 hivi kutoka betri ya gari, palepale uwanjani. Hapo kazi ya betri ya chini ikageuka kabisa. Zamani ilitoa mshtuko wa kuanzia na petroli au methanoli ikamaliza. Sasa ikawa ndiyo tangi la mafuta la siku nzima. Hata umbo la ndege liliguswa. Chaja rahisi ya wakati ule ilipitisha umeme kutoka betri ya volti 12 kwenda kwenye seli bila kuongeza volti, na seli ya nikeli-kadimiamu inayojazwa hutaka volti moja na nusu hivi, kwa hiyo seli saba zilikuwa karibu na ukingo. Aliyetaka ndege ya seli nyingi zaidi ilimbidi angoje chaja zenye saketi ya kupandisha volti. Kwa maneno mengine, betri ambayo haikuruka kamwe iliwekea mipaka ile iliyoruka.

Betri za lithiamu-polima zilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 2000, pengo kati ya mahitaji ya ndege na uwezo wa betri ya chini likapanuka. Pakiti ya kawaida ya seli tatu na miliampea-saa 2200 ina wati-saa 24 hivi. Ukiongeza zinazopotea kwenye chaja, betri ya chini hutoa karibu 29. Ile ya king'ora, wati-saa 84 kwa maandishi na 42 ukiheshimu kanuni ya kutotumia zaidi ya nusu, itajaza pakiti moja na kuishia katikati ya ya pili. Ndiyo maana uwanjani zikaanza kuonekana betri za ampea-saa 100, za boti na nyumba za magurudumu, zinazojaza pakiti 20 kwa nusu ya akiba yake. Na hapa likazuka kosa: wengi walitumia betri ya gari. Betri ya gari ina sahani nyembamba na nyingi, zilizoundwa kutoa ampea mamia kwa sekunde chache na kujazwa papo hapo. Ukiikamua hadi chini mara kwa mara, sahani hupukutika. Kaya nyingi za Kenya na Tanzania zilizowasha taa na televisheni kwa betri za gari kabla betri za sola hazijaenea zilijifunza somo hilo kwa fedha zao. Sahani nene ndizo zinazostahimili kazi ya kukamuliwa.

Upinzani mzito zaidi ni wa leo. Betri ya lithiamu na fosfeti ya chuma, kemia iliyoelezwa na kundi la John Goodenough huko Texas katikati ya miaka ya 1990, ya ampea-saa 100 ina uzito chini ya nusu ya ile ya risasi, hutoa karibu akiba yake yote, na huvumilia maelfu ya mizunguko. Kwa nini risasi isizikwe? Kwa mtu anayechaji pakiti kumi kila Jumamosi, sina la kuitetea risasi: bei ikigawanywa kwa mizunguko, lithiamu ni rahisi zaidi. Lakini sifa yake kuu, wepesi, ina thamani ndogo kwa kitu kinachotolewa garini na kuwekwa kwenye nyasi. Pia haipaswi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri, jambo lenye uzito Ohio au Bavaria, ambako vyumba vya zana huganda miezi mitatu. Kwa mwenye injini ya methanoli anayehitaji stata na hita plagi tu, betri ya king'ora bado inatosha, kwa sharti moja ambalo wengi hulivunja, la matunzo.

Betri ya risasi haifi sana kwa kazi. Hufa kwa kuachwa tupu. Inapotoa umeme, sahani zake hufunikwa na salfeti ya risasi, laini mwanzoni, inayoyeyuka upesi ukiichaji jioni hiyohiyo. Ikiachwa wiki kadhaa, salfeti hugeuka fuwele ngumu ambazo chaja haizirudishi, na betri ya ampea-saa 7 hubaki na mbili. Betri tupu huganda pia upesi kwenye baridi, kwa kuwa asidi yake imekuwa karibu maji. Kwa hiyo mita ya volti ni zana ya kisanduku sawa na bisibisi: baada ya kupumzika saa chache, betri nzima husoma karibu 12.7 au 12.8, na ikifika 12.2 nusu imekwenda. Chaja ya gari ya ampea 10 huichemsha betri ndogo iliyofungwa, na maji yaliyotoka kupitia vali hayana njia ya kurudishwa, tofauti na betri ya zamani ya pikipiki iliyoongezwa maji ya betri kila mwezi. Ya ampea-saa 7 isipewe zaidi ya ampea mbili. Kwa majira yote ya baridi yatosha kuiacha kwenye chaja inayoshikilia volti 13.5 hadi 13.8, au kuijaza kabisa, kuiweka mahali pa baridi pasipoganda, na kuichaji tena kila baada ya miezi michache.