Makali ya Babu

Wembe wa babu yangu ulikaa kwenye kopo la maziwa ya unga, umeviringishwa kaniki, juu ya kabati nyumbani kwetu Katumba Songwe. Alipofariki, shangazi aliliteremsha kopo lile akanikabidhi.

"Wewe ndiye mwenye jina lake," alisema. "Siku ya kumaliza matanga utanyoa wewe."

Nilikuwa na siku nne. Niliufunua wembe kutoka kwenye mpini wake mweusi. Karibu na bawaba palichorwa neno Solingen, na kutu ilikuwa imeula ubapa kama ukoko wa wali. Niliupitisha juu ya vinyweleo vya mkono. Haukupata hata kimoja.

Kunyoa wafiwa si jambo tulilolizua sisi. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, waliikuta desturi hiyo, na Monica akaiandika katika kitabu chake cha taratibu za kijamaa kilichotoka mwaka 1957. Mfiwa alinyolewa ili arudi kwenye maisha ya watu wengine. Kwa hiyo palihitajika chuma chenye makali, na palihitajika mtu wa kuyatunza makali hayo.

Chuma chenyewe hakikutoka kwetu. Bonde la Kyela ni udongo ulioletwa na mito. Ni ardhi ya mpunga, kokoa na michikichi, na kuna mahali utalima siku nzima usigonge jiwe. Chuma kilishuka kutoka milimani, kwa Wakinga, waliokuwa wakiyeyusha madini na kufua majembe na mikuki. Vyungu vilitoka kwa Wakisi wa pwani ya ziwa, upande wa Matema, na mpaka leo vinauzwa huko. Sisi tulitoa chakula. Hata masimulizi ya asili yetu yanasema machifu walikuja kutoka Ukinga wakiwa na moto, ng'ombe na chuma. Makali, tangu mwanzo, yalikuwa kitu cha kupokea kwa jirani.

Baadaye majirani wakawa wa mbali zaidi. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1, 1890 uliufanya Mto Songwe kuwa mpaka, na upande wetu ukawa wa Mjerumani. Kisha wanaume wakaanza kuondoka kutafuta fedha: kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya, kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na kwa Wenela, ndani ya migodi ya Afrika Kusini. Shangazi anasema babu alirudi kutoka huko na baiskeli, blanketi mbili na wembe huu. Solingen ni mji wa wafua visu Ujerumani. Tangu mwaka 1938 sheria inakataza jina lake kuwekwa kwenye kisu kilichotengenezwa kwingine.

Siku ya pili nilimwendea mzee mmoja wa jirani, ambaye zamani alikuwa akinyoa watu chini ya mwembe.

"Ugonile, tata."

"Ndaga, mwanangu."

Aliupokea wembe kwa mikono miwili, akautazama dhidi ya mwanga, akaniuliza nimeujaribu kwa jiwe gani. Nilimwonyesha kinoo cha panga. Akacheka mpaka akakohoa.

"Hilo lina meno. Utaula wembe wote kabla haujapata."

Nilipanda gari mpaka Mbeya nikanunua vinoo viwili, kimoja cha namba 1000 na kingine cha namba 6000. Mzee alivilowesha maji, akanionyesha. Wembe unalazwa kabisa, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe. Unene wa mgongo ndio unaopima pembe, mkono hauhitaji kukisia. Unausukuma makali yakitangulia, kama unayetaka kuchuna ganda jembamba la jiwe, huku ukiuvuta kidogo pembeni ili jiwe liguse kutoka kisigino mpaka ncha. Ukifika mwisho, unaupindua kwa mgongo, kamwe si kwa makali, kisha unarudi.

"Usikandamize," alisema kila dakika. "Jiwe linafanya kazi. Wewe unapeleka tu."

Nilikandamiza. Jioni ya kwanza nilitoa kipengee kidogo kwenye makali nikalazimika kuanza upya. Siku ya tatu, baada ya jiwe laini, tulifunga mkanda wa ngozi kwenye mhimili wa kibanda. Huko mwendo unageuka: mgongo ndio unatangulia, la sivyo unaukata mkanda. Mara hamsini, kwenda na kurudi. Nikaupitisha tena juu ya mkono bila kugusa ngozi, na vinyweleo vikaanguka.

Nilimuuliza kwa nini aliacha kazi. Nilitegemea aniambie habari za viwembe vya dukani. Ni kweli vilichangia. Mwaka 1903 kampuni ya King Gillette wa Marekani iliuza mashine 51 tu za kunyolea, lakini wazo lake lilienea dunia nzima: wembe usionolewa, unaotumiwa na kutupwa. Mzee alitikisa kichwa. Viwembe vilikuwapo miaka mingi, alisema, na watu bado walimjia yeye.

"Ni ule ugonjwa."

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Barabara ya Kasumulu, inayovuka kwenda Malawi, haikuwa mbali na mwembe wake. Zikaja semina, mabango na matangazo ya redio: tusichangie vitu vyenye ncha kali. Mzee hakubishana. Alijua idadi ya vichwa vilivyopita chini ya wembe wake mmoja kwa siku. "Mwenzako akinyolewa, wewe zako tia maji," alisema, na kwa mara ya kwanza niliisikia methali ile kama habari ya vifo. Alikunja kiti chake akaenda kulima kokoa.

Nilikuwa nimekuja nikidhani tumepoteza ufundi kwa uvivu. Kumbe tuliuacha kwa sababu nzuri, na pengine kuuacha kuliokoa watu ninaowaita binamu.

Siku ya kumaliza matanga, shangazi alitoa beseni, sabuni, na pakiti mbili za viwembe vipya. Niliwanyoa ndugu mmoja mmoja, kila mtu na kiwembe chake, na kila kilichomaliza kazi nilikitumbukiza kwenye chupa. Viwembe vile havikuhitaji nijue chochote nilichojifunza kwa siku tatu.

Kisha nikakaa mimi kwenye kigoda. Kinyozi hajinyoi. Mzee aliuchukua wembe wa babu, uliokuwa umechemshwa na kufutwa kwa spiriti, akaupitisha kwenye mkanda, akaanza utosini. Sikusikia maumivu, nilisikia sauti tu, kama mtu anayepasua karatasi taratibu.

Sasa ni wembe wangu, wa ndevu zangu peke yangu. Mwanzoni niliupaka mawese, ukashika ulimbo na vumbi. Siku hizi naukausha vizuri, maana huku kwetu mvua haina mapumziko, kisha naupaka tone moja la mafuta ya cherehani. Mzee ana mjukuu anayefanya kazi saluni pale senta. Juzi alikuja na kinoo changu cha namba 6000 mkononi, akaniomba nimwelekeze. Nilimwambia alichoniambia babu yake, asikandamize. Akakandamiza.