Mchezo wa Spore: Jinsi kufuli ya maharamia ilivyomfungia nje mnunuzi

MCHEZO wa tarakilishi uitwao Spore ulipoingia madukani Ulaya na Marekani mapema Septemba 2008, wengi walitarajia mjadala uwe kuhusu ubunifu wake. Mbunifu mkuu, Will Wright, alikuwa ametajika kote duniani kwa michezo ya SimCity na The Sims. Katika Spore, mchezaji alilea kiumbe kutoka seli moja hadi kikaweza kusafiri angani kuelekea sayari za mbali.

Badala yake, gumzo likawa kuhusu namba moja: tatu. Aliyenunua nakala halali aliruhusiwa kuiweka kwenye tarakilishi tatu pekee. Akihitaji ya nne, alilazimika kuwasiliana na kampuni iliyouchapisha, Electronic Arts (EA), na kueleza sababu. Kwa maneno mengine, mtu aliyelipa karibu dola 50 alitakiwa kuomba ruhusa ya kutumia mali aliyodhani ni yake.

Chimbuko la kufuli

Ulinzi dhidi ya unakili haukuanza na Spore. Katika miaka ya 1980, yeyote mwenye diski tupu aliweza kumtolea jirani nakala ya mchezo kwa dakika chache. Kampuni zikabuni mitego. Baadhi ya michezo ilimtaka mchezaji afungue kitabu cha maelezo na kuandika neno lililo katika ukurasa fulani. The Secret of Monkey Island, uliotolewa mwaka 1990, ulikuja na gurudumu la karatasi lenye nyuso za maharamia wa baharini. Mchezaji alilizungusha ili apate jibu la swali lililoulizwa kwenye skrini.

Zilipokuja CD, programu kama SafeDisc na SecuROM zilitegemea alama ambazo mitambo ya kawaida ya kunakili ilishindwa kuziiga. Mchezo haukufunguka bila CD halisi kuwemo ndani ya tarakilishi. Hata hivyo, mafundi wa uharamia walijifunza kuingia ndani ya programu yenyewe na kuondoa sehemu inayokagua CD. Aliyebaki na usumbufu ni mnunuzi, hasa CD yake ilipochubuka.

Namna vibali vinavyohesabiwa

Intaneti ilipoenea, kampuni zilipata njia mpya. Mchezo unapowekwa, programu ya ulinzi hukusanya maelezo ya vifaa vilivyo ndani ya tarakilishi na kuyageuza kuwa kitambulisho. Kitambulisho hicho, pamoja na nambari ya siri iliyochapishwa ndani ya pakiti, hutumwa kwa seva ya kampuni. Seva hutoa kibali na kupunguza kimoja katika hesabu ya mnunuzi.

Tatizo ni kwamba seva haimwoni mtu, bali huona vifaa. Mtu akibadilisha sehemu muhimu za tarakilishi yake, huenda ikahesabiwa kuwa mpya. Ikiharibika kabisa, kibali chake huzikwa nayo.

Aidha, mpango huu ulichukulia kwamba kila mnunuzi ana intaneti. Kenya, kwa mfano, ilitegemea mawasiliano ya setilaiti, yaliyokuwa ghali na ya polepole, hadi nyaya za kwanza za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009.

EA haikuwa ya kwanza kuonja hasira za wachezaji. BioShock, uliotolewa na 2K Games Agosti 2007, ulianza na vibali viwili. Baada ya malalamiko vikaongezwa hadi vitano, na Juni 2008 kikomo hicho kikaondolewa kabisa. Mwezi mmoja kabla ya hapo, ilitangazwa kwamba Mass Effect ungekuwa ukiwasiliana na seva kila baada ya siku 10, la sivyo ungekataa kufunguka. Wateja walipopiga kelele, sharti hilo likafutwa, lakini vibali vitatu vikabaki.

Maji yazidi unga

Kwa Spore, maji yalizidi unga. Katika duka la mtandaoni la Amazon, maelfu ya watu waliupa mchezo huo nyota moja kati ya tano, wengi wao wakilalamikia vibali wala si mchezo wenyewe. Mwezi huo huo wa Septemba, kesi iliwasilishwa mahakamani California kwa niaba ya wanunuzi. Ilidaiwa kwamba SecuROM iliwekwa kwenye tarakilishi zao bila ya wao kuarifiwa ipasavyo, na kwamba ilisalia humo hata mchezo ulipofutwa.

EA ilijitetea kwamba wanunuzi wengi hutumia tarakilishi moja tu, na wanaohitaji zaidi ya tatu ni wachache mno. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, kwani kampuni ina haki ya kulinda jasho la wabunifu wake. Hata hivyo, haikujibu swali kuu: je, kufuli hiyo ilimzuia mwizi?

Jibu lilikuwa wazi. Nakala za Spore zisizo na ulinzi wowote zilikuwa zimesambaa hata kabla ya mchezo kufika madukani Marekani. Tovuti ya TorrentFreak ilikadiria kwamba ulipakuliwa kiharamu mara milioni 1.7 mwaka huo, ukiongoza orodha ya michezo ya tarakilishi iliyoibwa zaidi. Haramia alicheza bila kuhesabiwa, huku mnunuzi akihesabiwa.

EA ililegeza kamba. Vibali viliongezwa hadi vitano, na Desemba 2008 ikatolewa programu ya kurejesha kibali kutoka tarakilishi isiyotumika tena. The Sims 3, uliotolewa mwaka 2009, ulirudia ukaguzi wa kawaida wa diski na nambari ya siri.

Kilichobaki

Vita havikuishia hapo. Mwaka 2010, Ubisoft ilitoa Assassin's Creed II uliodai intaneti wakati wote wa kucheza. Seva za kampuni hiyo ziliposhambuliwa Machi mwaka huo, walionunua walishindwa kucheza. Ubisoft iliachana na sharti hilo baadaye.

Mwaka 2015, mfumo wa Windows 10 ulikuja bila kukubali SafeDisc na baadhi ya matoleo ya SecuROM, kwa sababu za kiusalama. Michezo mingi ya CD ikageuka pambo la kabati.

Sheria nayo humbana mnunuzi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inakataza kukwepa vizuizi vya kiteknolojia vinavyolinda kazi za ubunifu, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 ina katazo la aina hiyo. Mwaka 2015, Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa msamaha kwa wenye michezo ambayo seva zake za kuthibitisha nakala zimefungwa.

Machi 31, 2024, Ubisoft ilizima seva za mchezo wake wa magari, The Crew, uliotolewa mwaka 2014. Hata waliokuwa na diski mkononi hawakuweza kuucheza tena. Septemba mwaka huo, California ilipitisha sheria inayowalazimu wauzaji wa bidhaa za kidijitali kumweleza mteja waziwazi kwamba anapewa leseni wala si umiliki. Ilianza kutumika Januari 1, 2025.

Sheria hiyo imekiri jambo ambalo wanunuzi wa Spore waligundua miaka 16 awali. Palipo na kibali kinachotolewa na seva ya mwingine, mnunuzi hana mali kamili. Ana ruhusa, na ruhusa hudumu kwa muda ambao mwenye seva ataamua kuiacha ikiwaka.